Kura ya maoni ya usiku wa kwanza na mapato ya filamu

Kura ya maoni ya usiku wa kwanza ni utaratibu wa kuwauliza watazamaji, mara wanapotoka katika jumba la sinema siku filamu inapoanza kuonyeshwa, wameipenda kiasi gani. Utaratibu huu umeenea hasa Marekani na Kanada, ambako kampuni ya CinemaScore imeuendesha tangu mwaka 1979. Pamoja na kutoa alama, watazamaji huulizwa umri wao, jinsia yao na sababu ya kuichagua filamu hiyo. Kwa njia hii studio hupata habari mbili kwa pamoja: filamu imepokelewaje, na ni akina nani walioipokea.

Habari hizo hutumika kukadiria mapato ya wiki zinazofuata. Kwa kawaida filamu yenye alama nzuri huendelea kuuza tiketi kwa muda mrefu, na yenye alama mbaya huanguka baada ya siku chache. Hata hivyo uhusiano huo si wa moja kwa moja. Ziko filamu zilizopewa alama ya juu kabisa na bado zikapata hasara, na ziko zilizopewa alama ya chini kabisa zikaleta faida kubwa. Ili kuelewa tofauti hizo ni lazima kuangalia alama pamoja na muundo wa watazamaji walioitoa.

Wikiendi ya kwanza na kizidishio

Katika soko la Amerika ya Kaskazini filamu mpya kwa kawaida huanza kuonyeshwa siku ya Ijumaa, na nyingi huonyeshwa mapema tangu Alhamisi jioni. Mapato ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hujumlishwa na kuitwa mapato ya wikiendi ya kwanza. Mauzo ya Alhamisi jioni huingizwa katika hesabu ya Ijumaa.

Mapato ya wikiendi ya kwanza hutegemea zaidi matangazo, majina ya waigizaji, umaarufu wa hadithi na idadi ya kumbi. Watu wengi wanaonunua tiketi siku hizo hawajasikia neno kutoka kwa mtu aliyeiona filamu. Wanaokuja wiki ya pili na ya tatu ni tofauti: wameshasikia kwa ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzao. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wikiendi ya kwanza ndiyo wakati wa kujitembeza. Baada yake filamu hubaki kutegemea sifa yake.

Kipimo cha sifa hiyo ni kizidishio, yaani mapato yote ya filamu katika soko la ndani yakigawanywa kwa mapato ya wikiendi ya kwanza. Filamu iliyoanza na dola milioni 20 na kumaliza na dola milioni 60 ina kizidishio cha 3. Kizidishio cha chini ya 2 huonyesha kwamba zaidi ya nusu ya fedha zote zilipatikana katika siku tatu za mwanzo, na kwamba watu wachache walifuata baadaye. Kwa filamu za miaka 2004 hadi 2014, zile zilizopata A+ katika kura ya CinemaScore zilikuwa na kizidishio cha wastani cha 4.8, zile za A 3.6, na zile za C 2.5.

Mfano unaojulikana zaidi wa kizidishio kikubwa ni Titanic ya mwaka 1997. Ilianza na takriban dola milioni 28.6, kiasi ambacho peke yake kisingetosha kurudisha gharama zake. Ilipata alama ya A+, ikaendelea kuonyeshwa kwa miezi mingi, na katika awamu yake ya kwanza ilikusanya takriban dola milioni 600 Marekani na Kanada, yaani mara 21 ya wikiendi ya kwanza.

Historia

CinemaScore ilianzishwa na Ed Mintz, mkazi wa Las Vegas. Alikuwa mpenzi wa kazi za mwandishi Neil Simon, na mwaka 1978 alikwenda kuona filamu yake The Cheap Detective, iliyokuwa imesifiwa. Hakuipenda. Wakati wa kutoka alimsikia mtazamaji mwingine akilalamika kwamba angependa kujua maoni ya watu wa kawaida badala ya yale ya wahakiki. Mintz alipata umbo la karatasi ya kura kutokana na kadi ya sadaka iliyotumika katika sinagogi wakati wa Yom Kippur: kadi yenye vipande vya kukunja, ambayo mtu angeweza kuijaza bila kalamu.

Mwanzoni matokeo yalitolewa kwa umma kupitia magazeti na redio. Baada ya studio ya 20th Century Fox kuifuata kampuni hiyo mwaka 1989, biashara ilibadilika na takwimu za kina zikaanza kuuzwa kwa studio zenyewe. Umma hupewa alama ya jumla tu. Mgawanyo wa umri na jinsia hubaki kwa wateja wanaolipa. Mintz alifariki mwaka 2024.

CinemaScore haiko peke yake. National Research Group, iliyoanzishwa mwaka 1978, hupima hali kabla filamu haijatoka: ni watu wangapi wanaifahamu, wangapi wana hamu nayo, na wangapi wanaiweka mbele ya filamu nyingine. PostTrak, iliyoanza mwaka 2013, huwauliza watazamaji baada ya kuiona filamu, kama CinemaScore, lakini huingia zaidi katika takwimu za makundi, ikiwa ni pamoja na asili ya kikabila. Huuliza pia swali moja linalofuatiliwa sana na wachambuzi: je, utamhimiza mwenzako kuiona?

Namna kura inavyopigwa

Wafanyakazi wa CinemaScore wako katika miji mikubwa takriban 25. Kila Ijumaa miji mitano huchaguliwa kwa bahati nasibu, na watazamaji wa filamu mpya hupewa kadi ndogo. Kadi huuliza alama kati ya A na F, jinsia, kundi la umri, sababu ya kuja, na kama mtazamaji angependa kununua au kukodi filamu hiyo baadaye. Kwa kawaida hukusanywa kadi zipatazo 400 kwa kila filamu. Kampuni hukadiria kwamba watu 65 kati ya 100 wanaopewa kadi huijaza, na kwamba makosa ya kipimo ni takriban asilimia 6.

Kiasi hicho cha makosa kinalingana na kanuni za takwimu. Njia rahisi ya kukadiria ni kugawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliojibu: kwa watu 400 hupatikana asilimia 5. Lakini hesabu hiyo ni ya kundi zima. Ikiwa kati ya kadi 400 ni 60 tu zilizojazwa na wasichana wa chini ya miaka 21, makosa kwa kundi hilo hupanda hadi karibu asilimia 13. Hivyo maelezo kwamba kundi dogo fulani liliipenda au kuichukia filamu huwa dhaifu kuliko alama ya jumla, ingawa mara nyingi ndiyo yanayonukuliwa zaidi.

Maana ya alama

Msomaji aliyezoea alama za shule anaweza kudhani kwamba B ni nzuri na C ni ya wastani. Katika kura hii si hivyo. Waliojibu hawakuchaguliwa kutoka miongoni mwa watu wote. Ni watu waliotaka filamu hiyo kiasi cha kulipa na kwenda kuiona siku ya kwanza. Wengi wao wameelekea kuipenda hata kabla taa hazijazimwa. Ndiyo sababu filamu nyingi hupata kati ya B na A. Kwa filamu kubwa ya mashujaa, B huhesabiwa kuwa onyo, na C ni habari mbaya. F hutolewa kwa nadra sana.

Kwa hiyo alama haipimi ubora wa filamu kwa ujumla. Hupima kama filamu imetimiza ahadi iliyowaleta watu. Mfano ni mother! ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Darren Aronofsky. Trela na jina la mwigizaji Jennifer Lawrence viliwafanya wengi kutarajia filamu ya kawaida ya kutisha. Walikuta kazi ya mafumbo yenye maudhui ya kidini na mauaji ya kutisha. Wahakiki wengi waliisifu, lakini watazamaji wa usiku wa kwanza waliipa F. Ilianza na dola milioni 7.5 na kumaliza na chini ya dola milioni 18 katika soko la ndani, ilhali bajeti yake ilikuwa takriban dola milioni 30.

Alama ya jumla ni wastani, na wastani huficha mambo. Chukua A kuwa 4, C kuwa 2 na F kuwa 0. Filamu ambayo kila mtu ameipa C ina wastani wa 2. Filamu ambayo nusu ya watu wameipa A na nusu F ina wastani wa 2 vilevile. Ya kwanza haitamfanya mtu yeyote aizungumzie. Ya pili itabishaniwa vijiweni na mitandaoni, na ubishi huo unaweza kuuza tiketi. Tofauti hii haionekani katika herufi moja inayotangazwa kwa umma.

Makundi manne ya watazamaji

Studio za Marekani zimezoea kuwagawa watazamaji katika makundi manne: wanaume wa chini ya miaka 25, wanawake wa chini ya miaka 25, wanaume wa miaka 25 na zaidi, na wanawake wa miaka 25 na zaidi. Filamu inayovuta makundi yote manne ndiyo inayotamaniwa zaidi, na ndiyo inayopewa bajeti kubwa. Filamu inayolenga kundi moja au mawili huweza pia kufanikiwa, mradi gharama zake zilingane na ukubwa wa kundi hilo.

Kila kundi lina tabia yake ya kununua tiketi. Vijana na mashabiki wa mfululizo fulani hukimbilia siku ya kwanza. Kwao kuiona filamu mapema ni sehemu ya starehe yenyewe. Watu wazima, hasa wenye kazi na watoto, husubiri. Husikiliza kwanza wengine wanasemaje, kisha huenda wiki ya pili, ya tatu au hata ya tano. Kwa sababu hiyo filamu mbili zenye alama zinazokaribiana zinaweza kuwa na njia tofauti kabisa za mapato.

The Twilight Saga: New Moon ya mwaka 2009 ilivuta zaidi wasichana na wanawake vijana waliokuwa wameshasoma vitabu. Alama yake ilikuwa A-. Ilikusanya takriban dola milioni 142.8 katika wikiendi ya kwanza, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilipatikana Ijumaa peke yake. Ilimaliza na dola milioni 296.6, kizidishio cha takriban 2.1. Mashabiki waliridhika, lakini karibu wote walikuwa wameshafika siku ya kwanza.

The Help ya mwaka 2011 ilikuwa kinyume chake. Watazamaji wake wengi walikuwa wanawake, na wengi walizidi umri wa miaka 35. Ilianza na dola milioni 26 katika wikiendi ya kwanza, ikapata A+, na kumaliza na takriban dola milioni 170 katika soko la ndani, kizidishio cha zaidi ya 6. Mwenye kutazama wikiendi ya kwanza peke yake asingeweza kutabiri mwisho huo. Mwenye kujua alama na umri wa watazamaji angeweza kuukaribia.

Ukubwa wa kundi ni jambo la kuzingatiwa pia. Takwimu za chama cha studio za Marekani za mwaka 2017 zilionyesha kwamba watu wanaokwenda sinema angalau mara moja kwa mwezi walikuwa takriban asilimia 12 tu ya wakazi wa Marekani na Kanada, lakini walinunua karibu nusu ya tiketi zote. Kura ya usiku wa kwanza huwafikia zaidi watu hao, na huwakosa wale wanaokwenda sinema mara moja au mbili kwa mwaka. Lakini filamu inayopita matarajio yote mara nyingi ni ile iliyowatoa nyumbani watu wa kundi hilo la pili.

Mfano wa mwaka 2023 ni Barbie, iliyotoka siku moja na Oppenheimer. Karibu theluthi mbili ya watazamaji wa wikiendi ya kwanza ya Barbie walikuwa wanawake, na wengi wa Oppenheimer walikuwa wanaume. Filamu zote mbili zilipata A. Barbie ilikusanya takriban dola milioni 636 katika soko la ndani na Oppenheimer takriban milioni 330. Kwa kuwa hazikugombea watazamaji walewale, hazikuumizana. Watu wengi waliziona zote mbili.

Alama na mapato zinapokwenda pamoja

Batman v Superman: Dawn of Justice ya mwaka 2016 ilianza na dola milioni 166, moja ya wikiendi kubwa za wakati wake. Ilipata B. Wikiendi ya pili mapato yalishuka kwa asilimia 69, na mwisho wake ulikuwa dola milioni 330, mara mbili tu ya mwanzo.

Mfano mkali zaidi ni wa Joker: Folie à Deux ya mwaka 2024. Filamu ya kwanza, Joker ya mwaka 2019, ilipata B+ na kuvuka dola bilioni moja duniani. Ya pili ilikuja na nyimbo nyingi na hadithi iliyoonekana kumkana mhusika ambaye mashabiki walimpenda. Watazamaji wa usiku wa kwanza waliipa D, alama isiyo ya kawaida kabisa kwa filamu inayotokana na vitabu vya katuni. Ilianza na takriban dola milioni 38, ikashuka kwa takriban asilimia 81 wikiendi ya pili, na kumaliza na karibu dola milioni 58 katika soko la ndani.

Upande wa pili kuna Elemental ya studio ya Pixar, iliyotoka Juni 2023. Ilianza na dola milioni 29.6, mwanzo uliotangazwa kuwa aibu kwa studio hiyo. Lakini alama yake ilikuwa A. Familia ziliendelea kwenda wiki baada ya wiki, na filamu ilimaliza na dola milioni 154 katika soko la ndani na karibu dola milioni 500 duniani. Wale walioandika tanzia yake baada ya siku tatu walikuwa wamesoma namba moja na kuiacha ya pili.

Alama na mapato zinapopishana

Filamu ya tamasha Taylor Swift: The Eras Tour ya mwaka 2023 ilipata A+. Ilianza na takriban dola milioni 93 na kumaliza na takriban milioni 181, kizidishio cha chini ya 2. Hakuna aliyechukizwa nayo. Ila mashabiki walikuwa wamenunua tiketi mapema, na wasio mashabiki hawakuwa na sababu ya kwenda. Alama ya juu inayotolewa na kundi lililojifunga haitoki nje ya kundi hilo.

The Wolf of Wall Street ya mwaka 2013 ilipata C, lakini ilianza na dola milioni 18.4 na kumaliza na karibu milioni 117 katika soko la ndani, kizidishio cha zaidi ya 6. Ilitoka siku ya Krismasi, na wengi waliokwenda siku hiyo hawakutarajia saa tatu za ulevi, ngono na matusi. Waliokuja baadaye walishajua wanakwenda kuona nini. Filamu zinazotoka mwishoni mwa Desemba pia hufaidika na likizo, ambapo siku za kawaida huuza kama wikiendi.

The Devil Inside ya mwaka 2012 ilipata F na kuporomoka wiki ya pili. Hata hivyo ilikuwa imetengenezwa kwa takriban dola milioni moja tu, na wikiendi ya kwanza peke yake ililipa dola milioni 33.7. Kwa mzalishaji, alama haikuwa na uzito: fedha zilikuwa zimeshaingia kabla sifa haijasambaa.

Filamu za kutisha kwa jumla hupata alama za chini, hata zile zinazosifiwa. Hereditary ya mwaka 2018 ilipewa D+, na bado ilikusanya takriban dola milioni 44 katika soko la ndani. Mtu aliyetoka ukumbini akiwa ametetemeka hujaza kadi tofauti na aliyetoka akicheka. Ndiyo maana Get Out ya mwaka 2017, iliyoigizwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza ambaye wazazi wake walitoka Uganda, ilishangaza ilipopata A-. Kwa bajeti ya takriban dola milioni 4.5 ilikusanya milioni 176 Marekani na Kanada, zaidi ya mara tano ya wikiendi yake ya kwanza.

Queen of Katwe

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mfano wenye mafunzo mengi ni Queen of Katwe ya mwaka 2016. Filamu hii ya kampuni ya Disney, iliyoongozwa na Mira Nair, inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe mjini Kampala aliyekuwa bingwa wa sataranji. Waigizaji wakuu walikuwa Madina Nalwanga, David Oyelowo na Lupita Nyong'o.

Watazamaji wa usiku wa kwanza waliipa A+, alama ambayo filamu chache sana hupata kwa mwaka. Wahakiki pia waliisifu. Lakini ilipopelekwa katika kumbi zaidi ya 1,200 ilikusanya takriban dola milioni 2.5 tu katika wikiendi, na mapato yake yote katika soko la ndani hayakufika dola milioni 9, ilhali bajeti ilikuwa takriban milioni 15.

Hapa ndipo mipaka ya kura inapoonekana. Alama ilisema kwamba karibu kila aliyeiona aliipenda. Haikusema chochote juu ya wale ambao hawakuja. Sifa ya mdomo hufanya kazi kwa kuzidisha: ikiwa walioanza ni wachache, hata wakimwambia kila mtu, idadi hukua polepole. Kumbi za sinema haziwezi kusubiri. Kwa kuwa mwenye ukumbi hubaki kwa wastani na karibu nusu ya bei ya tiketi, kiti kitupu ni hasara yake pia, na kila wiki filamu mpya hudai nafasi. Filamu isiyojaza viti katika wiki mbili huondolewa, iwe ya A+ au ya D. Methali inasema kizuri chajiuza, lakini bidhaa ikitolewa sokoni kabla wanunuzi hawajafika, haina namna ya kujiuza.

Miezi kumi na sita baadaye, mwezi Februari 2018, Disney hiyohiyo ilitoa Black Panther, ambayo Nyong'o pia aliigiza. Mjini Kisumu, Kenya, ilifanyika hafla ya uzinduzi wa filamu hiyo. Alama ilikuwa A+ vilevile, lakini wikiendi ya kwanza ilikuwa takriban dola milioni 202, na jumla katika soko la ndani dola milioni 700. Katika wikiendi ya kwanza zaidi ya theluthi moja ya watazamaji walikuwa Wamarekani weusi, kundi ambalo ni takriban asilimia 13 ya wakazi wa Marekani. Waliobaki walitoka katika makundi mengine yote.

Kabla ya hapo ilikuwa kawaida kusikia katika biashara ya filamu kwamba hadithi zenye wahusika wakuu weusi haziuziki sana. Kulinganisha filamu hizi mbili kunaonyesha ugumu wa dai hilo. Zote zilikuwa na wahusika wa Kiafrika na zote zilipata A+. Kilichotofautiana ni aina ya filamu, jina la Marvel, bajeti, ukubwa wa matangazo na idadi ya kumbi. Anayetazama mapato ya Queen of Katwe peke yake anaweza kuhitimisha kwamba watu hawakuitaka. Anayetazama alama yake anaona kwamba wengi hawakufikiwa nayo.

Mapungufu ya kura

Licha ya manufaa yake, kura ya usiku wa kwanza ina mapungufu yanayojulikana:

- Hupima walioamua kuja siku ya kwanza, si watazamaji wote wa baadaye.
- Hufanyika katika miji mikubwa. Maoni ya miji midogo na vijijini hupata nafasi ndogo.
- Hutoa wastani, ambao hauonyeshi kama watu wamegawanyika.
- Alama za aina tofauti za filamu hazilinganishwi kwa urahisi: B ya filamu ya kutisha si sawa na B ya filamu ya familia.
- Alama ikishatangazwa huwa yenyewe ni habari. Studio huitumia katika matangazo ikiwa nzuri, na vyombo vya habari huitumia kutangaza kushindwa ikiwa mbaya. Kipimo huanza kuathiri kile kinachopimwa.

Aidha, uhusiano kati ya alama na mapato si ushahidi kwamba alama ndiyo iliyosababisha mapato. Filamu iliyotengenezwa vizuri, kutangazwa kwa ukweli na kutolewa wakati mzuri ina uwezekano wa kupata alama nzuri na pia kuuza vizuri. Alama ni dalili, kama joto la mwili kwa mgonjwa. Humwambia mganga kuna nini, lakini sicho kiletacho ugonjwa.

Watazamaji wasioulizwa

CinemaScore huwauliza watazamaji wa Amerika ya Kaskazini tu, ingawa kwa filamu nyingi kubwa zaidi ya nusu ya mapato hutoka nje ya eneo hilo. Warcraft ya mwaka 2016 ilikusanya takriban dola milioni 47 Marekani na Kanada, lakini zaidi ya milioni 200 China. Hakuna kadi iliyojazwa Las Vegas au Chicago ambayo ingeweza kutabiri jambo hilo.

Afrika Mashariki iko mbali zaidi na hesabu hizo. Katika miji kama Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kuna kumbi za kisasa ambazo mauzo yake huripotiwa. Lakini kwa miongo mingi watu wengi wamezitazama filamu za Marekani, India na China katika vibanda vya video, ambavyo Tanzania huitwa vibanda umiza, kwa kiingilio kidogo. Humo watafsiri kama DJ Afro wa Kenya na marehemu Lufufu wa Tanzania walijipatia umaarufu kwa kusimulia filamu kwa Kiswahili, wakiongeza utani na maelezo yao. Kiingilio cha vibanda hivyo hakiingii katika ripoti ya mapato ya studio yoyote, na watazamaji wake hawajawahi kupewa kadi ya kura.

Jambo hili lina uzito kwa sababu takwimu za wikiendi ya kwanza hutumika kuamua filamu zipi zitengenezwe tena. Kundi lisilohesabiwa huonekana katika vitabu vya studio kana kwamba halipo, na hadithi zinazolihusu huonekana kuwa biashara ya kubahatisha. Kura ya usiku wa kwanza ilianzishwa ili sauti ya mtu wa kawaida isikike kando ya ile ya mhakiki. Hadi sasa mtu huyo wa kawaida ni yule aliye katika moja ya miji 25, siku ya Ijumaa, mwenye uwezo wa kununua tiketi.